Spana Inayokaa Sawasawa



Kijana mmoja wa darasa letu alinunua pikipiki kwa mkopo. Kazi yake ni kubeba abiria na mizigo ya sokoni. Siku moja alitaka kumwaga oili chafu, lakini hakuwa na spana. Akaazima kwa jirani spana ya kupanua na kubana, ile mafundi wanayoiita spana malaya. Akavuta, ikateleza. Akavuta tena kwa nguvu zaidi. Mara pembe za boliti zikaisha, kichwa kikawa duara. Fundi alikuja kuitoa kwa patasi na nyundo. Pikipiki ililala siku tatu, na siku ya kulipa mkopo haikungoja.

Kijana hakukosa nguvu. Alikosa spana inayokaa sawasawa. Basi leo tujifunze kuchagua vifaa.

1. Soma namba

Namba iliyoandikwa kwenye spana ni milimita. Inaonyesha upana wa kichwa cha boliti, toka upande mmoja hadi upande wa pili unaotazamana nao. Si unene wa boliti yenyewe. Boliti yenye unene wa milimita 6 kwa kawaida hufunguliwa kwa spana namba 10. Ile ya milimita 8 hufunguliwa kwa namba 12 au 13.

Ukiona spana imeandikwa 1/2, hiyo ni ya inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Kwenye kichwa cha 12 italegea, na kwenye cha 13 haiingii. Unaona faida ya kisomo? Usikubali kuuziwa spana kwa kukadiria kwa macho.

2. Nunua vichache vilivyo vigumu

Dukani utaona sanduku la vifaa vingi vinavyong'aa, tena kwa bei rahisi. Usikimbilie. Spana ya chuma laini hupanuka mdomo, halafu inakula pembe za boliti. Heri spana tano ngumu kuliko arobaini laini.

Kwanza kagua pikipiki yako. Pima vichwa vya boliti kwa rula, uandike namba zake katika daftari. Namba 10, 12, 14 na 17 zinatumika sana. Ongeza spana ya plagi, bisibisi bapa, bisibisi ya nyota na koleo.

Chagua spana yenye duara upande mmoja na mdomo wazi upande wa pili. Duara hushika pembe zote sita. Mdomo hushika pande mbili tu. Kwa hiyo, boliti ngumu anza kuilegeza kwa duara.

3. Usiongeze bomba

Spana ndogo imefanywa fupi kwa makusudi, ili mkono usizidishe nguvu kwenye boliti ndogo. Ukichomeka bomba ili uvute zaidi, boliti itakatika ndani ya injini. Hapo gharama imekuwa kubwa.

4. Plagi ianze kwa vidole

Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, na nyuzi zake ni laini. Subiri injini ipoe. Ingiza plagi kwa vidole mpaka ikae. Ikigoma, itoe uanze upya. Plagi mpya yenye washa yake, ikishakaa, ikaze kwa spana karibu nusu mzunguko tu.

5. Ukitaka kuongeza kitu

Wengine hufunga keria kubwa ya mizigo. Ni vizuri, lakini tumia boliti za unene uleule wa matundu, na washa za kuzuia kulegea. Baada ya safari ya kwanza kagua tena, maana mtikisiko hulegeza nati. Kazi ya breki na ya ndani ya injini mwachie fundi. Ndugu, hapo ni maisha ya watu.

Maneno ya kukumbuka

Nyuzi: mikato inayozunguka boliti au tundu lake.
Washa: kibati chenye tundu kinachokaa chini ya nati au boliti.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini boliti ya yule kijana iliharibika?
2. Spana ya 1/2 ina milimita ngapi?
3. Je, kikundi chenu kinaweza kuchanga na kununua seti moja nzuri? Nani ataitunza?