5G kwa Biashara Yako: Je, Inafika Hadi Kaunta?

“Nikiweka 5G dukani, malipo yatakuwa yakiingia haraka?”

Hilo ni swali la wenye maduka wengi siku hizi, na jibu lake linategemea unapokea malipo vipi. Tuanzie hapo kabla hujasaini mkataba wa ruta.

Mteja akikulipa kwa ile menyu ya kupiga nyota, nambari kadhaa na reli, hakuna bando linalotumika. Menyu hiyo haipiti kwenye intaneti kabisa, ndiyo maana inafanya kazi hata kwenye kabambe. Meseji ya kuthibitisha malipo nayo ni vivyo hivyo. Kwa hivyo kama una kibanda cha mboga na nambari ya tili imebandikwa ukutani, 5G haitakuongezea kitu upande wa malipo. Meseji ikichelewa kwa sababu ya msongamano au hitilafu ya mfumo, ruta mpya haitatibu hiyo. Weka pesa yako kwa stoki.

Sasa tuseme una supamaketi ndogo pale Rongai. Kompyuta ya kaunta inasoma stoki kutoka kwa intaneti, mashine ya kadi iko kando yake, kuna kamera mbili, na unaangalia malipo kwa apu. Vyote hivyo vinategemea hotspoti ya simu moja. Jumamosi jioni foleni imefika mlangoni, mteja anasema “nimelipa,” apu inazunguka tu. Anakuonyesha picha ya meseji kwenye simu yake. Utampa unga na mafuta aende?

Usimpe bado. Picha ya meseji hutengenezwa kwa dakika moja. Angalia meseji iliyoingia kwenye laini ya biashara, au fungua menyu ya nyota uhakikishe salio, maana hiyo haijali kama intaneti imelala. Hii ni muhimu uwe na 5G au usiwe nayo.

Lakini biashara kama hiyo ndiyo 5G inaweza kuisaidia kweli. Matangazo huongea kuhusu kasi ya kupakua filamu, na mwenye duka hapakui filamu. Kinachomfaa ni mambo mawili: vifaa vingi kutumia mtandao kwa wakati mmoja bila kusongana, na ombi kwenda na kurudi bila kukawia. Shabaha ya kimataifa ya 5G ni kubeba hadi vifaa milioni 1 katika kilomita 1 ya mraba. Ukiwa mjini, ambapo kila mtu ana simu mkononi, utaelewa kwa nini hilo lina maana kuliko sinema.

Kwa Kenya hii si habari ya kesho. Safaricom ilianza majaribio Machi 2021 katika Nairobi, Kisumu, Kisii na Kakamega, ikazindua huduma ya kibiashara Oktoba 2022. Airtel ikafuata Julai 2023. Swali lililobaki ni kama imefika kwako, na kwako namaanisha kaunta, si mtaa.

Masafa ya juu yanayotumiwa sana na 5G hubeba data nyingi lakini hayafiki mbali, na yanapenya kuta kwa shida. Mabati ndiyo mabaya zaidi, huyarudisha yalikotoka. Kwa hivyo ramani ya mtandao inaweza kuonyesha mtaa wako umefunikwa na bado ndani ya duka usipate kitu. Omba rafiki mwenye simu ya 5G aje. Apime kasi mlangoni, kisha kwenye kaunta, kisha stoo. Mpime asubuhi, na mrudie saa kumi na mbili jioni, wakati kila mtu amerudi nyumbani. Mwangalie pia kasi ya kupandisha data, kwa sababu kamera zako zinatuma video nje mchana kutwa. Ikiwa mlangoni ni nzuri na ndani ni mbovu, ruta ikae karibu na dirisha linaloelekea mnara.

Nilisomea masoko, kwa hivyo niruhusu niseme hili: neno la kusoma kwenye bango ni “hadi.” “Hadi Mbps 100” haikuahidi 100. Uliza pia kama kuna kiwango cha matumizi ambacho ukikipita kasi inashushwa, mkataba ni wa miezi mingapi, na ruta ni ya nani ukiacha. Halafu stima: ikipotea, ruta inazima na 5G yako nayo. Betri ndogo ya akiba ya ruta ni gharama ya kupanga mapema. Na kama faiba imefika jengo lenu kwa bei mnayoweza, mimi ningeanza na hiyo, 5G iwe ya akiba.

Kinachokuja ni kuugawa mtandao mmoja kama barabara yenye leni ya mabasi, ambapo malipo hupita leni yake hata watu wakiwa wanatazama mpira. Kitaalamu inawezekana tayari kwenye mitandao ya 5G iliyojengwa kamili. Ikifika kwa maduka ya kawaida, ndipo swali la juu litapata jibu tofauti. 6G inatarajiwa karibu 2030, usiisubiri.

Jambo la mwisho. Ukipigiwa simu na mtu anayesema anakuhamishia laini iende 5G, na anataka PIN, nambari ya kitambulisho au tarakimu zilizoingia kwa meseji, kata. Anataka kuhamisha laini yako kwenye kadi yake ili atoe pesa. Ukihitaji kubadilisha laini, nenda mwenyewe kwenye duka la kampuni yako ya simu ukiwa na kitambulisho. Na laini ikipoteza mtandao ghafla huku za wenzako zikifanya kazi, azima simu upige huduma kwa wateja hapo hapo, usingoje asubuhi.