NYASI ZA CHEMCHEMI ZENYE MILIA

Safari hii twapenda kuwapa wasomaji wetu somo la bustani. Habari yenyewe si ya chakula wala ya mazao ya kuuza, nasi twajua ya kuwa baadhi yenu mtauliza faida yake ni nini. Subirini kidogo, maana ndani yake limo jambo la mahindi pia, na jambo la moto.

Ziko nyasi za mapambo ambazo hupandwa bustanini na katika vyungu, hasa huko Marekani, nazo jina lake la biashara ni Fireworks, yaani fataki. Mkulima azionaye mara ya kwanza hufikiri mambo mawili. Kwanza, akiitazama ile milia meupe ya majani, husema, “Mmea huu umeugua.” Pili, akipendezwa nazo, husema, “Nitaokota mbegu nikapande kwangu.” Mawazo yote mawili yatoka katika akili njema ya kilimo, lakini hapa yote mawili hayapatani na kweli.

Kwanza tuutazame mmea wenyewe. Hukua kwa kichaka, majani yake ni membamba na marefu, huinuka katikati kisha hupinda na kuanguka pande zote, kama maji ya chemchemi yaliyorushwa juu. Ndiyo sababu huitwa nyasi za chemchemi. Kila jani lina milia iendayo kutoka chini hata nchani: mweupe, wa kijani, na wa rangi ya damu ya mzee, na ukingoni iko rangi ya waridi iliyokolea. Mashuke yake ni ya zambarau, laini kama mkia wa paka, nayo huinama kwa uzito wake. Kimo chake kwa kawaida ni kama sentimita 60 mpaka 90.

Ukoo wake si mgeni kwetu. Mawele tuyatwangayo ni wa ukoo huo, na mabingobingo tuyakatiayo ng'ombe, na nyasi za Kikuyu zitambaazo malishoni. Wataalamu waliupa ukoo huu jina la Pennisetum, kwa maneno mawili ya Kilatini, unyoya na unywele mgumu, kwa sababu ya manyoya ya mashuke. Mwaka 2010 wataalamu waliochunguza asili yake waliuunganisha na ukoo mwingine uitwao Cenchrus, basi mwalimu asishangae akiona kitabu cha zamani chasema hivi na kipya chasema vingine. Mmea ni ule ule.

Mzazi wa nyasi za fataki huitwa Rubrum, nao majani yake yote ni ya rangi ya damu ya mzee. Kwa muda mrefu watu walidhani ni namna tu ya nyasi za chemchemi za porini, ziitwazo setaceum, ambazo kwao ni Afrika ya kaskazini na ya mashariki mpaka Bara Arabu. Mwaka 1999 zile nyekundu zilipewa jina lake zenyewe, advena, ambalo kwa Kilatini maana yake ni mgeni. Jina lafaa, kwa kuwa hujulikana bustanini tu. Kisha katika kitalu cha mimea huko Marekani lilitokea chipukizi moja la Rubrum ambalo halikuwa jekundu lote, bali lilikuwa na milia. Mtu mwenye macho aliliona, akalitenga, akalikuza, akaligawanya, na nyasi zote za fataki zilizopo zatokana na chipukizi hilo.

Milia hiyo imetokaje? Chakula cha mmea hupikwa jani kwa nguvu za jua, na chombo cha kupikia ni ile rangi ya kijani ambayo wataalamu huiita klorofili. Ndani ya chipukizi lile, palipo chembe changa sana za ukuaji, zilitokea chembe zisizoweza kufanya rangi hiyo. Chembe zote zilizozaliwa na hizo zikawa nyeupe pia, na zile zilizozaliwa na zenye kijani zikawa na kijani. Mmea mmoja ukawa na watu wa namna mbili wakikaa nyumba moja.

Lakini mbona ni milia, si madoa? Jani la nyasi hukua kutoka chini, na chembe zake hujipanga safu safu kwa urefu. Atazame mtu afumaye vikoi. Akiweka uzi mwekundu mmoja katika mtande kabla ya kuanza, uzi ule utaonekana tangu mwanzo wa nguo hata mwisho wake, wala hautakatika katikati. Ndivyo ilivyo kwa chembe nyeupe iliyoingia katika safu mwanzoni mwa jani.

Rangi nyekundu ni jambo la mbali na hilo. Haiondoi kijani, yakifunika tu. Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto kwa mchicha mwekundu: auchemshe, nao wataona maji yamekuwa mekundu na majani yamerudi kuwa ya kijani. Kwa hiyo Rubrum, ijapokuwa ni nyekundu, ina vyombo vyake vyote vya kupikia. Fataki imepoteza sehemu ya vyombo vyake, na jambo hili tutalirudia, maana ndilo limfanyalo mwenye mmea huu apate tabu.

Sasa lile wazo la ugonjwa. Mkulima wa mahindi ana haki ya kuogopa milia. Ugonjwa wa milia ya mahindi uliandikwa kwanza huko Natal mwaka 1901, nao umekwisha waharibia watu wengi mashamba yao: mahindi hudumaa, magunzi huwa madogo au hayatoki kabisa. Huletwa na virusi, na virusi hivyo huchukuliwa na kidudu kidogo chenye kuruka, kifyonzacho maji ya majani. Mtaalamu H. H. Storey alithibitisha mwaka 1925 ya kuwa kidudu hicho ndicho mchukuzi. Baadaye alifanya kazi Amani, katika milima ya Usambara, na mwaka 1932 alionyesha jambo la ajabu zaidi: si vidudu vyote vya namna hiyo viwezavyo kuchukua ugonjwa, na uwezo huo hurithiwa, mtoto kwa mzazi.

Basi mtu atapambanuaje milia ya uzuri na milia ya ugonjwa? Ashike jani mkononi alielekeze kwenye jua. Milia ya fataki ni minyofu, haikatiki, yatoka chini ya jani mpaka nchani, na majani yote ya kichaka yanayo. Milia ya ugonjwa ni vipande vipande, membamba, ya manjano au meupe yaliyofifia, kama mtu aliyepiga mstari kwa kalamu isiyo na wino wa kutosha. Huanza kwa vidoa, kisha majani machanga yatokayo baada ya mmea kushikwa huonekana nayo zaidi kuliko yale ya kale. Milia ya kuzaliwa haimwambukizi mtu wala mmea. Ile ya virusi huambukiza, na virusi hivyo pamoja na ndugu zake huweza kukaa katika nyasi nyingi za porini vikingoja mahindi. Kwa sababu hiyo twawashauri wenye bustani karibu na mashamba: ukiona juu ya milia ya mmea wako vidoa vilivyokatika katika, usiungoje. Ung'oe wote pamoja na mizizi yake. Uzuri wa chungu kimoja haulingani na shamba la jirani.

Twaja kwenye wazo la pili, la mbegu. Rubrum ni kama nyumbu: ina mwili wenye nguvu, lakini kuzaa ni tabu. Mashuke yake ni mazuri, ila mbegu zifaazo hazimo, au hupatikana kwa nadra sana. Fataki ni hivyo hivyo. Tena, hata kama mbegu ingepatikana, isingekuwa na ahadi ya kuleta milia ile ile, kwa sababu mpango wa zile safu za chembe haupiti katika mbegu. Basi mtu akikuletea kijikaratasi cha mbegu, akakuambia hizi ni mbegu za nyasi za fataki, usimpe fedha yako. Ama hajui auzacho, ama ajua.

Njia ya kuzizidisha ni kugawanya kichaka. Mvua zinapoanza, ng'oa kichaka kizima, kikate kwa kisu kikali au jembe safi, kila kipande kiwe na mizizi yake na machipukizi matatu au manne. Punguza majani mpaka yabaki kiasi cha shubiri moja, panda mara, mwagia maji. Jambo la kuangaliwa sana ni kuchagua vipande. Chukua vile ambavyo machipukizi yake yana milia iliyochanganyika vema. Chipukizi jeupe tupu halina chakula chake lenyewe. Likitengwa na mama litakufa. Chipukizi jekundu tupu litaishi, tena litastawi kupita kiasi.

Na hapo ndipo tuliposema tabu ilipo. Mara kwa mara katika kichaka chenye milia huchipuka shina ambalo ndani yake zile chembe nyeupe hazikupata nafasi. Shina hilo limerudi kwenye asili yake, ni Rubrum tena. Kwa kuwa jani lake lote lapika chakula, hukua upesi, huwa refu kuliko wenziwe, huwatilia kivuli. Mtunza bustani akilihurumia kwa sababu ni lenye afya, baada ya misimu michache atakuta kichaka kizima kimekuwa chekundu, naye atasema mmea umemdanganya. Haukumdanganya, yeye ndiye aliyemlisha mshindani. Shina la namna hiyo likionekana tu, likatwe chini kabisa udongoni, si juu, na ikiwezekana litolewe pamoja na mzizi wake. Twajua ni vigumu kumfundisha mtoto wa shule kwamba katika bustani hii lililo dhaifu ndilo la kulindwa na lenye nguvu ndilo la kung'olewa, kwa kuwa shambani twamfundisha kinyume chake.

Sasa lile jambo la moto. Ule ugumba wa Rubrum na wa fataki ndio ufanyao zistahili kupandwa bila hofu kubwa. Ndugu yao wa porini, setaceum, hana ugumba. Huweza kufanya mbegu hata bila kuungana dume na jike, na mbegu zenye manyoya huchukuliwa na upepo, na maji, na wanyama, na magari, kisha huweza kukaa udongoni miaka 6 au zaidi zingali hai. Hapa Afrika ya mashariki yupo kwao, ni nyasi miongoni mwa nyasi. Lakini alichukuliwa kwenda visiwa vya Hawaii mwanzoni mwa karne ya 20 awe pambo la bustani, naye akatoka bustanini. Katika kisiwa kikubwa alienea juu ya nchi kavu ya mawe ya volkeno, mahali ambapo zamani moto haukuwa na kitu cha kuushika ukaenda mbali. Nyasi zilizokauka zikawa njia ya moto. Moto ukapita, miti ya asili ikafa, kwa maana haikuzoea kuungua; nyasi zikachipua upya kutoka mizizini, zikachukua nafasi ya miti, zikakauka tena, zikangoja moto mwingine. Misitu ya nchi kavu ya huko imepungua mno, na mmea huu ni mojawapo ya sababu.

Afrika ya Kusini, ambako alisambaa kandokando ya barabara, sheria ya mimea ya kigeni humhesabu miongoni mwa mimea ipasayo kuzuiwa, ila haikuwataja wale walio wagumba. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zilimwandika katika orodha ya mimea iliyokatazwa mwaka 2017. Basi kabla ya kupokea nyasi za chemchemi kutoka kwa rafiki wa mbali, au kabla ya kumpelekea rafiki wa ng'ambo, jani litazamwe. Likiwa la kijani tupu na mashuke yana rangi ya waridi iliyofifia au nyeupe, huenda ni huyo wa porini.

Utunzaji wa chunguni hauhitaji maneno mengi. Debe lililotobolewa chini lafaa kabisa. Tia kokoto kidogo juu ya matundu zisizibe, kisha udongo uliochanganywa na samadi iliyooza na mchanga. Weka penye jua la siku nzima. Kivulini rangi hufifia na majani hulegea. Mmea wa ardhini huvumilia ukavu, wa chunguni hauvumilii sana, kwa hiyo utie kidole udongoni kila asubuhi kabla ya kumwaga maji. Samadi isizidi, maana ikizidi hupata majani mengi mororo na mashuke machache. Huko Marekani, katika majimbo yenye baridi, mmea huu hufa barafu ijapo, nao hupandwa upya kila mwaka. Kwetu ni wale tu wakaao nyanda za juu, ambako umande huganda alfajiri, wapaswao kuingiza vyungu barazani usiku.

Kabla hatujaweka kalamu, liko jambo moja kwa wale watakaotaka kufanya biashara ya vipando. Marekani ina sheria ya tangu mwaka 1930 impayo mtu aliyepata mmea mpya hati ya kuwazuia wengine wasiuzidishe kwa kuugawanya bila ruhusa yake, na hati ya siku hizi hudumu miaka 20 tangu ombi lilipopelekwa. Nyasi za fataki zilipata hati hiyo mwaka 2008. Sheria ile ni ya nchi ile, lakini nchi nyingine zina sheria zao juu ya mimea mipya. Aulize kwanza kwa Bwana Shamba wa wilaya yake, ndipo anunue madebe.