KUHUDUMIA JAMII NI SOMO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Wengi wenu mnasoma skuli asubuhi na madrasa jioni. Huko skuli, tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika Kenya nzima mwaka 2019, mmesikia habari za huduma ya jamii inayochangia kujifunza. Maana yake ni kuwa mwanafunzi awasaidie watu wa mtaa wake kwa yale aliyoyasoma, na kazi hiyo hiyo imfunze jambo jipya. Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) ameitaja kazi ya kuondoa udhia njiani kuwa ni katika matawi ya imani. Suratul Maun nayo inawakemea wanaosali kwa ria huku wakizuia hata msaada mdogo. Basi tujiulize: huduma ifanywe vipi hata iwe na kheri kwa anayehudumiwa na somo kwa anayehudumu?

1. Kosa letu

Ramadhani moja darasa langu lilichangisha mchele, unga, sukari na tende, tukapeleka nyumba kumi za majirani. Kila nyumba tulipiga picha, mwanafunzi ameshika mfuko upande mmoja na mwenye nyumba upande wa pili. Picha zikabandikwa kwenye ubao wa matangazo ili wazazi waone kazi ya watoto wao. Aliyesema zibandikwe ni mimi.

Kesho yake mwanafunzi mmoja hakuja. Keshokutwa pia. Nikaenda kwao kuuliza. Aliyenipokea ni bibi yake, na nilipomtazama nikamkumbuka: tulimpelekea mfuko. Sikuwa najua kwamba ndiye anayemlea.

“Mwalimu,” akaniambia, “mchele tumeula, Mungu awalipe. Lakini mjukuu wangu anachekwa na wenzake. Wanamwita mtoto wa mfuko.”

Sikuwa na jawabu. Nilimtaka radhi, nikarudi madrasa, nikazibandua picha zote. Aya ya 264 ya Suratul Baqarah inatuonya tusiibatilishe sadaka kwa masimbulizi na udhia. Nilikuwa nikiifundisha kila mwaka, na siku ile ndipo iliponifundisha mimi.

2. Mtume (s.a.w.) alianza kwa kuuliza

Katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), mtu mmoja katika Answari alikuja kumuomba Mtume (s.a.w.). Mtume akamuuliza nyumbani kwake kuna nini. Alikuwa na nguo nzito ya kujifunika na kutandika, na bakuli la kunywea maji. Vikaletwa, vikanadiwa, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Dirhamu moja akaambiwa awanunulie watu wake chakula, na ya pili anunue shoka. Mtume (s.a.w.) akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akakate kuni auze, na asimuone kwa siku 15. Aliporudi alikuwa amepata dirhamu kumi.

Tazameni mpangilio wake. Swali lilitangulia. Kikatumika kile ambacho mtu mwenyewe alikuwa nacho. Mkono ukasaidia. Kisha ukawekwa muda wa kurudi kutazama matokeo.

3. Tulivyoanza upya

Baada ya Idi nilirudi kwa yule bibi pamoja na wanafunzi wawili, bila mfuko na bila kamera. Tukamuuliza tumsaidie nini. “Maji, wanangu,” akasema. “Bomba hutoka siku moja kwa wiki, na magoti yangu hayabebi mtungi.”

Nyumba yake ilihitaji mitungi mitatu ya lita 20 kila siku. Wavulana wanne wakapangiwa zamu baada ya Alasiri. Darasani tukapiga hesabu: lita 60 kwa siku ni lita 420 kwa wiki, yaani mitungi 21. Tulipofika somo la udhu, tukasoma kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita moja. Tukaweka ndoo chini ya bomba la madrasa, mwanafunzi mmoja akatawadha kama tulivyozoea. Zilipatikana lita sita! Tangu siku hiyo wanaofunga bomba mapema ni wale wabeba mitungi.

Hata hivyo, wiki ya mitihani ya skuli zamu zilikatika, na bibi akakaa siku mbili akiazima maji kwa jirani. Tulikuwa tumempa tegemeo bila kupanga nani atashika zamu tukishughulika. Sasa majina ya akiba huandikwa kabla ya mtihani.

Bibi naye hakupenda kupokea tu. Yeye ni fundi wa kusuka ukili. Kila Alhamisi, siku ambayo madrasa imefungwa, wasichana sita huenda kujifunza kwake, na mkeka wao wa kwanza umetandikwa darasa la watoto wadogo. Mjukuu wake amerudi darasani, na daftari la zamu analishika yeye.

4. Ushirika na watu wa mtaa

Mfano mkubwa zaidi tunao hapa hapa pwani. Miaka ya 1980 Waislamu wa Mombasa walitaka watoto wadogo wapate elimu ya awali bila kupoteza dini yao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan ukaanza mpango wa shule za awali za madrasa, ambao baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Wafadhili walileta mafunzo, na wenyeji wakaunda kamati, wakatoa mahali na walimu kutoka miongoni mwao. Jambo ambalo watu wana mkono wao ndani yake hulilinda.

5. Ya kukumbuka

(a) Uliza kwanza, usikisie haja ya mtu.
(b) Ficha unachotoa, na linda heshima ya anayepokea.
(c) Funganisha kazi na somo lako.
(d) Usianze usichoweza kuendeleza.
(e) Kubali kufundishwa na unayemhudumia.

Maswali ya kujipima

1. Ni jirani gani hujawahi kumuuliza hali yake?
2. Ni somo gani la muhula huu linaweza kumfaa?
3. Siku ukiumwa, nani atashika zamu yako?

Wazazi watukufu, tunaomba muyajibu maswali haya pamoja na watoto wenu nyumbani.

Mwenyezi Mungu azitakase nia zetu na azikubali amali zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.