Kodi ya pedi: nani anailipa, wewe au mwenye duka?

Leo kuna hesabu kidogo, kwa hiyo weka kalamu karibu. Na wewe kaka, usiruke ukurasa huu ukidhani ni mambo ya kina dada tu. Una dada nyumbani, kesho utakuwa baba wa mabinti, na pesa tunazozihesabu hapa huenda zikatoka mfukoni mwako.

Nilikuwa katika shule moja ya sekondari upande wa Msimbati, tunazungumzia hedhi. Huwa nagawa vikaratasi ili mwenye aibu aandike swali lake bila jina. Kimoja kiliandikwa hivi: "Dada, mama anasema serikali iliwahi kufuta kodi ya pedi lakini dukani kwetu bei haikushuka. Hiyo kodi nani anailipa, mimi au mwenye duka?" Nikajibu haraka haraka kwamba kodi hulipwa na mlaji, nikachukua kikaratasi kingine. Nikiwa njiani kurudi Mtwara mjini ndipo nikaona kwamba yule binti sijamjibu kitu. Basi leo namjibu yeye, na wewe pia.

Mama yake hakukosea. Kodi yenyewe ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile tunayoiita VAT. Ilianza nchini mwetu Julai 1998 kwa asilimia 20, na mwaka 2009 ikashushwa hadi 18. Katika bajeti ya mwaka 2018 serikali ilisamehe VAT kwenye taulo za kike, kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo, ili bei ishuke na wasichana wazipate kwa urahisi. Watu tulifurahi. Mwaka mmoja tu baadaye, Juni 2019, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alilieleza Bunge kule Dodoma kwamba bei haikushuka na walionufaika ni wafanyabiashara. Msamaha ukafutwa, VAT ikarudi Julai 2019. Badala yake serikali ikawapa wawekezaji wapya wa viwanda vya pedi nafuu ya kodi ya mapato, kutoka asilimia 30 hadi 25, kwa miaka miwili.

Sasa shika kalamu. Namba hizi ni za mfano tu. Tuseme mwagizaji wa Dar es Salaam anauza pakiti moja ya pedi kwa shilingi 1,200 kabla ya kodi. VAT ya asilimia 18 ni shilingi 216, kwa hiyo pakiti inatoka kwake kwa 1,416. Usafiri hadi Mtwara, kilometa zaidi ya 500, uwe shilingi 84. Tumefika 1,500. Muuzaji wa jumla wa mjini anaongeza 200, na mwenye duka kijijini, ambaye amelipa nauli na kupanda kivuko na mzigo wake, anaongeza 300. Wewe unanunua kwa shilingi 2,000.

Je, VAT imelipwa na nani? Mwenye duka la kijijini hata hajasajiliwa kwenye VAT, maana mauzo yake ni madogo mno. Ukimwuliza habari za asilimia 18 atakushangaa. Kodi ilishalipwa huko juu, ikajificha ndani ya bei, ikasafiri kimyakimya hadi mkononi mwako. Anayeibeba mwisho ni wewe mwenye buku mbili zako.

Haya, tufute hiyo 216. Pakiti ingepaswa kuuzwa 1,784, tuseme 1,800 kwa sababu ya chenji. Lakini mwagizaji akibakiza 66, wa jumla akabakiza 50 na mwenye duka 100, jumla yake ni 216 kamili, na wewe bado unalipa 2,000. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja kajiongezea kidogo tu, na kila mmoja ana sababu yake: mafuta yamepanda, barabara mbovu, mzigo wa zamani ulinunuliwa kwa bei ya zamani. Wewe hujui hata wa kumlaumu.

Lipo na jambo la pili, na hili wengi hawalijui. Msamaha wa VAT si sawa na VAT ya asilimia sifuri. Kiwanda kinachotengeneza pedi hununua malighafi, mifuko ya plastiki na umeme, na katika hivyo hulipa VAT. Kwa kawaida kiwanda huruhusiwa kurudishiwa kodi hiyo. Bidhaa ikitozwa asilimia sifuri, bado kinarudishiwa. Lakini bidhaa ikiwa kwenye msamaha, hakirudishiwi, na gharama ile inaingizwa kwenye bei ya pedi. Yaani kodi inatoka mlangoni na kuingia dirishani. Afrika Kusini walichagua sifuri, kuanzia tarehe 1 Aprili 2019.

Basi mimi nasimama wapi? Kuna wanaosema kila bidhaa ikisamehewa kodi, madarasa na zahanati zitajengwa na nini? Hoja hiyo siidharau. Lakini sheria yetu tayari inasamehe vitu tunavyoviona ni vya lazima: vitabu, mbolea, viuatilifu vya mashambani. Mkulima wa korosho hakuchagua ubwiri unga uingie kwenye mikorosho yake. Hata msichana hakuchagua kuingia hedhini. Kwa hiyo naona itolewe, tena kwa njia ya sifuri, na bei ifuatiliwe hadi vijijini kwa kuandikwa kabla na baada. Mwaka 2018 kosa halikuwa kusamehe kodi. Kosa lilikuwa kuiachia bei ijishushe yenyewe.

Ila nisikudanganye kwamba kodi ndiyo kila kitu. Chukua hedhi ya siku 5, ukibadilisha pedi mara 4 kwa siku. Hizo ni pedi 20, sawa na pakiti 2 na nusu za pedi nane nane. Tuseme pakiti 3, shilingi 6,000. Kodi ikiondoka yote, kwa ule mfano wetu, umeokoa 600 na bado unahitaji 5,400. Mwezi wa Novemba korosho zikiwa zimeuzwa, nyumba nyingi zinazimudu. Mwezi wa Aprili, wapi! Ndiyo maana Kenya, ambayo iliondoa VAT kwenye pedi tangu mwaka 2004, ilitunga sheria nyingine mwaka 2017 ya kuwapa bure wasichana walioko shuleni. Waliona kwamba asiye na pesa kabisa hasaidiwi na punguzo.

Kwa hiyo wengi wenu mnatumia vitambaa, na kitambaa si dhambi wala ushamba. Somo wako kwenye unyago alikufundisha kukikunja. Hapo alikuwa sahihi. Kiwe cha pamba, kibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6 au mapema kikilowa, kifuliwe kwa sabuni na maji safi. Kwenye visima vya pwani vyenye maji ya chumvi sabuni haitoi povu, basi weka akiba ya maji ya mvua au ya bomba kwa suuza ya mwisho. Halafu kianikwe juani. Hapa ndipo sikubaliani na wale wanaosema kifichwe uvunguni mtu asikione. Kitambaa kikikaukia gizani kinabaki na unyevu, na unyevu unaleta fangasi na muwasho. Ukiona aibu, kifunike kwa kanga nyepesi juu ya kamba. Na ukipata muwasho, harufu mbaya au maumivu yasiyo ya kawaida, nenda zahanati, usisubiri.

Kazi ya nyumbani, wasichana na wavulana. Nendeni maduka matatu, moja likiwa la mjini au Mikindani kama mnafika. Andikeni bei ya pakiti ya aina moja na idadi ya pedi zilizomo. Kwenye duka kubwa ombeni risiti ya mashine mtazame kama VAT imeandikwa na ni kiasi gani. Muulizeni mwenye duka, kwa adabu, yeye amenunua kwa bei gani kwa muuzaji wa jumla. Wengine watakataa kusema. Andikeni pia kwamba amekataa. Kisha leteni namba hizo darasani na mzigawe kama tulivyogawa ile 2,000 yetu, hatua kwa hatua, hadi mjue kila shilingi imebaki kwa nani. Bajeti husomwa Bungeni kila Juni. Mkiwa na daftari hilo, mnaweza kumwandikia mbunge wenu kabla ya hapo.