Mtoto Akifungwa Uwanjani

Mwanangu alikuwa na miaka 11 alipofungwa penalti 4 kati ya 5 kwenye mechi za UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ngazi ya kata. Yeye ndiye alikuwa golikipa. Wapinzani walipoanza kukimbia wakishangilia, alibaki amekaa chini katikati ya milingoti, mikono imefunika uso. Mzee mmoja, mtu mwema kabisa, alimfuata pale akamwambia: "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Mtoto akaangua kilio upya.

Methali ile ni ya kweli, ila ilifika mapema mno. Kukubali kushindwa ni kazi ngumu hata kwa mtu mzima, na mtoto huianza machozi yakishakauka. Kwake yeye mechi ya kata ni Kombe la Dunia, kwa kuwa hajawahi kucheza iliyo kubwa kuliko hiyo. Ukimwambia "ni mchezo tu, achana nao," unamwambia kwamba zile jioni zote alizorudi na vumbi mpaka masikioni zilikuwa bure. Ukimwambia "mtoto wa kiume halii," atajifunza kujifungia chooni alie huko, na siku nyingine akiwa na jambo zito kuliko mpira hatakuletea.

Kwa hiyo saa ya kwanza baada ya mechi sema machache. "Pole, baba. Nimekuona ulivyojituma." Inatosha. Mpe maji, mmenyee chungwa, mbebee begi. Mkiwa njiani kurudi nyumbani, kwa miguu au kwenye daladala, nyamaza naye. Wazazi wengi huharibu kwenye safari hii: "Ile ya tatu ungeruka kulia." Anajua. Aliuona mpira ukipita kabla yako wewe.

Mimi mwenyewe nilikosea papo hapo njiani. Nilitaka kumfariji, nikamwambia refa aliwabeba wale. Uso wake ukachangamka kidogo, nikadhani nimempa dawa. Wiki mbili baadaye alileta nyumbani mtihani wa hesabu wenye alama za chini, akaniambia mwalimu ana watu wake. Yalikuwa maneno yangu yale yale, yamebadilishiwa mahali tu. Ilibidi nimwite, nimwambie wazi kwamba siku ile nilisema nisiyoyajua, na kwamba refa hakupiga penalti hata moja. Mzazi anayemlaumu refa, mwalimu wa michezo au beki wa timu anampunguzia mtoto uchungu wa siku moja, lakini anamwondolea kitu pekee anachoweza kukirekebisha, yaani uchezaji wake mwenyewe.

Sikiliza pia neno analolitumia. Kwetu "nimeshindwa" lina maana mbili: nimezidiwa na mpinzani, na siwezi. Mtoto huanza na ile ya kwanza, akizidi kulirudia anahamia kwenye ya pili bila wewe kujua. Mjibu kwa neno la uwanjani: "Leo mmefungwa." Kufungwa kuna siku yake, kuna mpinzani, kuna idadi ya mabao, na huisha filimbi ikilia. Na ni "mmefungwa", kwa wingi. Kabla ya penalti zilikuwapo dakika zote za mchezo ambazo timu nzima haikupata bao hata moja.

Mazungumzo yenyewe yasubiri kesho, akishalala na kula. Hapo usihutubie, uliza. Nini ulikifanya vizuri jana ambacho mwezi uliopita hukukiweza? Nini kilikusumbua? Tufanyie kazi kipi? Wangu alifikiri kidogo akasema: "Naruka kabla hajaugusa mpira." Hakuna mtu mzima aliyekuwa amelisema hilo, hata mimi niliyekuwa nimesimama nyuma ya goli. Tukaweka mawe mawili nyuma ya nyumba. Kila jioni nilimpigia mipira 10, na kazi yake ilikuwa moja tu: miguu isiondoke chini mpaka mguu wangu uguse mpira. Hatukuhesabu aliyodaka. Tulihesabu aliyosubiri. Siku ya kwanza alisubiri 3. Baada ya majuma kadhaa alikuwa anasubiri 8, 9. Mabao aliendelea kufungwa, tena mengi, lakini sasa aliweza kunieleza kila moja limeingiaje. Ushauri wangu ni huo: chagueni jambo moja, dogo, linalohesabika, lililo mikononi mwake. Ukimpa mambo matano atashindwa yote kwa pamoja.

Wakati huo ndipo nilipomsimulia habari za Boubacar Barry, golikipa wa Ivory Coast. Fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2012, mjini Libreville, Zambia waliwafunga kwa penalti 8 kwa 7, na Barry ndiye aliyekuwa golini. Mwaka 2015, mjini Bata, Ivory Coast wakaingia fainali tena, dhidi ya Ghana, na ikafika penalti tena. Barry alikuwa golini kwa sababu kipa wa kwanza, Sylvain Gbohouo, alikuwa ameumia. Zikapigwa mpaka zamu ikawafikia makipa wenyewe. Barry akadaka ya kipa mwenzake, kisha akaenda akapiga yake, akafunga. Wakashinda 9 kwa 8. Mwanangu aliuliza swali moja tu: "Katikati hapo alisubiri miaka mingapi?" Mitatu. Hadithi kama hii ina faida yake, lakini isimulie majeraha yakishaanza kupona. Usiku wa mechi haina msaada.

Mazoezi makubwa ya kufungwa hayako uwanjani hata hivyo, yako sebuleni. Cheza naye drafti au karata, na usimwachie kila mara. Mtoto anayeshinda kila siku kwa huruma ya baba hukutana na kushindwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu mia mbili, na huko kunauma zaidi. Mkimaliza, mpeane mkono, haidhuru nani kashinda nani kashindwa. Akipindua ubao, mchezo umekwisha kwa siku hiyo, bila kumgombeza. Kesho mnaanza upya. Kaka na dada wakatazwe kumwimbia nyimbo za kumkejeli mpaka yeye mwenyewe aanze kucheka. Na wewe baba, Simba au Yanga ikifungwa, angalia unavyofanya mbele ya televisheni. Ukitukana refa, ukakataa chakula na kulala umenuna, hayo ndiyo mafunzo anayoyapata, hata uwe na maneno mazuri kiasi gani.

Machozi ya jioni moja, au siku mbili za ukimya, hayana neno. Lakini tumbo likimuuma kila asubuhi ya mechi, akikosa usingizi, akianza kujiita mjinga au akiacha ghafla mchezo alioupenda, na hali hiyo ikachukua majuma, zungumza na mwalimu wake, na umpeleke kwa daktari au mshauri. Jiulize pia mchezo ule ni wa nani. Wapo watoto wanaobeba uwanjani ndoto za baba zao, na wakifungwa wanaogopa kurudi nyumbani. Mtoto wa namna hiyo mwulize, siku isiyo na mechi, kama bado anataka kucheza, na jibu lolote atakalotoa ulipokee.

Kwenye viwanja vyetu vya shule nimeona jambo linalojirudia. Timu ikiwa inafungwa, wazazi huanza kuondoka kabla ya filimbi ya mwisho, na watoto wanawaona wakiondoka. Ndugu mzazi, nakuomba ubaki. Simama pale pale uliposimama mlipokuwa mnaongoza, mpaka wapeane mikono na wapinzani, kisha mfuate mwanao na chupa ya maji.