DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 14: Mgonjwa Anayeogopa Bei



Jana tuliona katika Suratul Baqara, aya ya 184, kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula, atalipa siku nyingine. Allah amempunguzia mzigo. Leo tujiulize: sisi majirani zake tumempunguzia nini?

Hapa Mombo mtu akiumwa huanza kupiga hesabu kabla hajatoka nyumbani. Kuna hela ya kumwona daktari, vipimo, dawa. Akiandikiwa kwenda Magunga, Korogwe, au Bombo kule Tanga, inaongezeka nauli na chakula cha anayemuuguza. Basi anasema, "Ngoja niangalie kesho." Mwenye sukari au presha anakata kidonge nusu kifike mwisho wa mwezi. Huyu hajakataa matibabu, anaogopa bei. Na ugonjwa uliocheleweshwa ndio unaokuja kuuza shamba.

Sasa tuangalie fiqhi. Suratut Tawba, aya ya 60, imetaja mafungu manane ya wanaopewa zaka. Fakiri na maskini wamo, na mwenye deni yumo. Aliyekopa kumtibu mwanawe akashindwa kulipa, anaingia hapo. Mpe zaka ya mali mkononi, iwe yake, kisha alipe. Ila zakatul fitri, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ni pishi ya chakula. Hiyo usiigeuze kuwa hela ya dawa. Dawa itoe kwenye sadaka yako.

Tusisahau na haki zilizopo. Kwa sera ya nchi, wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanasamehewa gharama katika vituo vya serikali. Wazee wengi hawana barua wala kitambulisho cha msamaha. Kijana, mpeleke babu yako kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa afisa ustawi wa jamii.

Na bima hukatwa mtu akiwa mzima. CHF iliyoboreshwa ilipoanza, kaya ya watu sita ilichangia Sh 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kiwango cha sasa ulizeni kituo cha afya. Safu moja ya msikitini ikichanga, mjane mmoja na watoto wake wanakatiwa.

*Amali ya leo:* baada ya tarawehe mpitie mgonjwa mmoja. Usiishie kumuuliza "Unaendeleaje?" Muulize, "Dawa umepata?" Ukimsaidia, iwe siri.

Allah awaponye wagonjwa wetu na azikubali funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.