Damu Tuliyorithi kwa Baba na Mama



Jumapili moja baada ya ibada mama mmoja aliningoja nje ya kanisa mpaka watu wakatawanyika. Tulipokwisha kuamkiana akasema, "Mwalimu, nina neno la kuuliza, lakini naona haya." Amezaa watoto watano. Wawili amewazika kabla hawajatimiza miaka mitatu, na sasa mwingine, mwenye miaka sita, ana macho ya manjano na hulia usiku kwa maumivu ya mifupa. Hospitali wamesema ni selimundu. Nyumbani ndugu za mume wana lao: kwamba tumbo la mama huyu ni baya, na kwa kuwa katika ukoo wao ugonjwa huo haukuonekana, basi ameuleta yeye. Wapo pia wanaosema ni mkono wa mtu. Swali lake lilikuwa fupi: "Je, ni kweli nimewapa mimi?"

Nilimjibu pale pale kwamba ni kweli nusu tu, na nusu nyingine imetoka kwa mumewe. Wanafunzi waliuliza swali la namna hii juu ya yule kipofu wa Yohana sura ya 9, na twajua walivyojibiwa. Lakini najua nyumba nyingine katika mtaa wetu zenye swali hilo hilo, na jibu la kusimama mlangoni halitoshi. Ndiyo maana nimeomba kurasa hizi.

Tuanze na jina lenyewe. Mundu twaujua sote, ni ule tunaokatia majani ya ng'ombe. Katika damu mna chembe nyekundu, nyingi mno zisizohesabika kwa macho, na umbo lake ni la mviringo, kama kitumbua kilichobonyezwa katikati kwa kidole. Chembe hizo ni laini, hujikunja na kupita katika mishipa myembamba kuliko unywele. Ndani yake mna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Mwenye selimundu hemoglobini yake ina kasoro ndogo sana. Ikishaitoa oksijeni hushikamana kuwa nyuzi ngumu, na chembe hupindika kama mundu. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa jinsi vijiti na majani yanavyoziba mfereji wa kumwagilia bustani, na mahali palipokosa damu panauma. Tena hufa upesi. Chembe nzima huishi kama siku 120, yenye umbo la mundu siku 10 hadi 20 tu. Hapo ndipo mtoto anapopungukiwa damu, na macho yake yanageuka manjano.

Kasoro hiyo huingiaje katika ukoo? Aliyegundua kanuni ya urithi alikuwa mtawa wa Kiaugustino, Gregor Mendel, katika mji wa Brno ambao leo uko nchi ya Cheki. Hakuchunguza watu, alichunguza njegere, zao ambalo sisi wa Lushoto hatuhitaji kuelezwa. Alipandikiza njegere ndefu kwa fupi, na watoto wao wote wakawa marefu. Alipowaacha hao wazae wenyewe kwa wenyewe, ufupi ukarudi: katika kila mimea minne, mmoja kwa wastani ulikuwa mfupi. Kumbe ufupi haukupotea, ulikuwa umejificha. Mendel alichapisha kazi yake mwaka 1866, na kwa zaidi ya miaka thelathini karibu hakuna aliyeijali. Alieleza kwamba kila mmea hubeba alama mbili za kila tabia, moja ya upande wa baba na moja ya upande wa mama. Alama hizo siku hizi huitwa jeni.

Yule mama nilimwomba aje nyumbani na mumewe. Walikuja, na mume, nasema kwa kumsifu, hakuja kugombana. Nilichukua vikombe viwili, na katika kila kikombe nikaweka haragwe moja jeupe na moja jekundu. Jeupe ni jeni nzima, ambayo madaktari huiandika A. Jekundu ni jeni ya selimundu, huiandika S. Nikawaambia: kikombe hiki ni baba, hiki ni mama. Ninyi wote wawili mna nguvu, mnalima, mnapanda milima, kwa sababu mwenye A moja na S moja haumwi. Ile A yamtosha. Sasa fumbeni macho, kila mmoja atoe haragwe moja. Mawili yaliyotoka ndiyo mtoto.

Tulifanya hivyo mara nyingi, tukirudisha maharagwe kila mara. Mara nyingine yalitoka meupe mawili: mtoto huyo hana lolote. Mara nyingi zaidi lilitoka moja jeupe na moja jekundu: mtoto mzima anayebeba alama kama wazazi wake. Na mara nyingine yakatoka mekundu mawili. Huyo ndiye mgonjwa. Yule bwana aliangalia lile haragwe lake jekundu kitambo. Kisha akasema, "Basi hata mimi ninalo." Nilimjibu kwamba bila lake hakuna mtoto ambaye angeugua.

Kwa hesabu, wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa, mbili katika nne ya mtoto anayebeba tu, na moja katika nne ya mtoto asiye na alama kabisa. Hapa watu wengi hukosea, hata waliosoma. Hudhani kwamba akizaliwa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Maharagwe hayakumbuki yaliyotoka jana. Kila mimba ni kura mpya. Nyumba moja yaweza kupata watoto sita wasiougua hata mmoja, na jirani akapata wagonjwa watatu mfululizo. Kama mzazi mmoja tu ndiye mwenye S na mwenzake ana A mbili, hakuna mtoto wao atakayekuwa na selimundu ya S mbili, ila baadhi wataibeba na kuipeleka mbele. Hivyo ndivyo alama inavyoweza kupita kimya kwa mababu na mababu, mpaka siku wabebaji wawili wanapooana.

Sasa lipo jambo lililowasumbua wataalamu. Zamani watoto wenye S mbili walikufa karibu wote kabla ya kuoa au kuolewa. Kila anayekufa huenda na jeni zake mbili za S. Basi kwa nini jeni hii haikwisha duniani zamani? Haikwisha, na zaidi ya hayo katika nchi yetu ni nyingi mno: yakadiriwa kwamba watoto kama 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka, na ni nchi chache tu duniani zinazotuzidi.

Jibu lilipatikana huku huku Afrika ya Mashariki, na kwetu wa Usambara linaeleweka kwa urahisi. Wazee wetu walitofautisha nchi ya juu na nyika, na walijua kwamba mtu wa mlimani akishuka kulala nyikani hurudi na homa. Daktari Mjerumani Robert Koch, aliyekuwa katika nchi hii mwaka 1897 na 1898, aliandika kwamba watu wa Usambara waliita homa hiyo mbu, na wakasema kwamba huletwa na mbu wa nyikani wanaowauma. Wakati huo Ulaya jambo hilo lilikuwa bado linabishaniwa. Baadaye sana watafiti walipima katika milima yetu hii hii, na katika taarifa iliyotolewa mwaka 2003 walionyesha kwamba maambukizo ya malaria nyikani yalizidi ya uwanda wa juu kwa kadiri ya mara 1,000. Anayeshuka kutoka Rangwi kwenda Mng'aro au Mnazi kwa siku moja hupita kutoka hali moja hadi nyingine.

Kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, mwaka 1949 alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Akaona ajabu: pwani na kando ya Ziwa Viktoria, katika watu mia, zaidi ya ishirini walibeba alama ya selimundu, katika nyanda za juu zenye baridi hakupata hata mmoja katika mia. Waganga wengine, Lehmann na Raper, mwaka huo huo walikuta kwamba Bwamba, magharibi ya Uganda, wabebaji walifika 45 katika mia. Allison akafikiri: mahali penye S nyingi ndipo penye malaria nyingi. Alirudi mwaka 1953, akapima watoto 290 wa Buganda. Katika 43 waliobeba alama, wenye vijidudu vya malaria walikuwa 12. Katika 247 wasioibeba walikuwa 113. Mwaka 1954 alitangaza kwamba anayebeba S moja hupata kinga dhidi ya malaria. Wengi hawakumsadiki. Uchunguzi wa baadaye, hasa wa Kilifi katika pwani ya Kenya, umemthibitisha kabisa: mbebaji hupunguziwa hatari ya malaria kali kwa kadiri ya asilimia 90. Kijidudu cha malaria hakistawi vizuri ndani ya chembe yake, na chembe iliyoingiliwa hupindika na kuondolewa na wengu mapema.

Fikirini basi kijiji cha nyikani kabla ya dawa na vyandarua. Watoto wa A mbili wengi waliuawa na malaria. Watoto wa S mbili waliuawa na selimundu. Aliyesalia zaidi, akakua, akazaa, ni yule wa A moja na S moja. Kizazi baada ya kizazi S iliongezeka penye mbu wengi, na ilibaki chache pasipo na mbu. Hivi ndivyo wataalamu wasemavyo kwamba viumbe hubadilika kwa kuchaguliwa na mazingira, na mfano huu hufundishwa katika vyuo vya dunia nzima. Nasikia wengine hukasirika likitajwa neno hilo. Mimi sioni la kukasirikia katika kuhesabu nani alikufa na nani alisalia.

Kwa hiyo yule anayesema kwamba damu ya mama huyu ni mbaya hajui asemalo. Huenda ndiyo damu iliyowavusha babu zake katika homa za nyikani. Wala wa mlimani tusiseme huu ni ugonjwa wa watu wa nyika. Tumeoana nao, tumefanya kazi pamoja katika mashamba ya mkonge ya chini, na damu zetu zimechanganyika zamani.

Neno moja la hatari nalisema kwa nguvu. Kinga hii ni ya mwenye S moja tu. Mtoto mgonjwa, mwenye S mbili, malaria kwake ni mbaya kuliko kwa mtoto mwingine yeyote, maana damu yake ni chache tangu mwanzo. Yeye ndiye wa kwanza kulala katika chandarua. Na mbebaji naye asikitupe chandarua chake, kwa sababu malaria bado humpata.

Dalili huanza mara nyingi baada ya miezi sita. Kabla ya hapo mtoto bado ana hemoglobini ya tumboni inayomlinda. Vidole vya mikono na miguu huvimba na kuuma, mtoto hulia akiguswa; kisha hupungukiwa damu, macho manjano, maumivu ya mifupa yanayokuja na kwenda. Mpelekeni akapimwe, na mtaje neno selimundu wenyewe, msingoje kuulizwa. Hospitali ya wilaya Lushoto waulizwe kwanza, nao waweza kumwelekeza mgonjwa Bombo, Tanga.

Mtoto mgonjwa akitunzwa aweza kukua, kusoma na kuwa na watoto wake. Hupewa dawa ya penisilini mpaka umri wa miaka mitano, chanjo, vidonge vya foliki, na dawa ya haidroksiyurea ambayo hupunguza maumivu. Muhimbili wamewafuatilia wagonjwa wengi tangu mwaka 2004, kazi iliyoongozwa na Dkt. Julie Makani. Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, wameanza kupandikiza uloto kwa watoto wachache. Nyumbani, anywe maji mengi, na huku kwetu Juni na Julai asikose sweta na soksi, maana baridi huamsha maumivu. Asitumwe mtoni alfajiri. Mtoto huyu akipata homa, au akiwa mweupe viganjani ghafula, au tumbo likivimba upande wa kushoto, au mkono ukalegea, aondoke saa ile ile. Msingoje gari la asubuhi kama lipo lingine lolote.

Vijana wamekwisha kuniuliza kama yafaa kupima kabla ya kuoana. Nionavyo mimi yafaa, tena mapema, kabla ya posa, si baada ya matangazo kusomwa kanisani na ng'ombe kununuliwa. Wakikutwa wote wawili ni wabebaji, sidhani kwamba mzazi awakataze. Wameelezwa hesabu ya maharagwe, waamue wao. Lakini apimwe mvulana na msichana pia. Nimeona familia zikidai cheti cha bibi arusi peke yake.